Koti Lililogusa Meza

Wiki iliyopita niliwadanganya.

Niliwaambia koti la marehemu baba liliuzwa kwa bahati mbaya. Baadhi yenu mmeniandikia kunipa pole. Kuna mama mmoja ameahidi kuniombea siku saba mfululizo. Tafadhali mama, kama bado hujamaliza, acha kwanza usome hii ya leo.

Kwa aliyenikuta njiani, nirudi nyuma hatua mbili tu. Mume wangu alikwenda kutafuta kazi mbali, kazi akaipata, na nyumba nyingine akaipata hukohuko. Hoteli niliyokuwa nikipiga pasi mashuka yake kwa miaka kumi na mmoja ikafungwa. Halafu kaka yangu akaja na mama yetu mkononi na begi moja, akaniambia, "Nakuachia wiki moja tu, dada." Wiki hiyo sasa ina miaka miwili.

Mama amepoteza kumbukumbu. Hanijui. Ananiita "we dada" kama mtu anayeita mhudumu.

Nilipofika mwisho wa kamba, Shirika la kanisa ndilo lililonipokea. Wana duka la vitu vilivyotumika. Watu wanaleta nguo, viatu, sufuria, vitabu na saa mbovu. Sisi tunachambua, tunabandika bei, tunauza. Kinachopatikana ndicho kinachoendesha ukumbi wa wazee ulio nyuma ya duka: chai ya asubuhi, chakula cha mchana, maji ya moto ya kuogea, muuguzi mmoja, na mikono ya kuwashika wasioweza kusimama.

Mimi nikapewa nafasi kwenye meza ya kuchambulia. Mama akapewa kiti ukumbini. Kati yetu kuna mlango mmoja tu.

Naomba mkielewe kiti hicho. Mama asipokuwa na pa kukaa, mimi siwezi kufanya kazi. Nisipofanya kazi, chumba tunachopanga hatuna. Maisha yangu yote yalikuwa yamekalia kiti kile kimoja cha plastiki.

Sasa, duka letu lina sheria moja iliyo juu ya zote: kilichogusa meza kimetolewa. Usiulize cha nani. Usiseme nilikiweka mara moja tu. Mchungaji mwenyewe aliwahi kuvua koti la suti asaidie kubeba maboksi, akaliweka mezani. Kufumba na kufumbua koti likawa linatoka mlangoni na kijana aliyekuwa anaoa Jumamosi. Jumapili mchungaji akahubiri na sweta.

Ndiyo maana kila mmoja wetu ana msumari wake ukutani. Mwavuli, mkoba, kanga, vyote msumarini. Mezani kamwe.

Na koti la baba?

Baba alikuwa gadi wa treni. Koti lake ni la kijani kibichi, vifungo vya shaba, isipokuwa kimoja cha chini ambacho kilipotea na mama akashona cheupe cha shati mahali pake. Mama haliachi. Hulibeba limegeuzwa, bitana kwa nje, ili vifungo visichubuke. Hivyo pale dukani hakuna mtu aliyewahi kuliona uso wake. Wao walijua mama ana kitambaa cha kijivu anachokipakata kama mtoto mchanga.

Kila Alhamisi wazee wanaogeshwa. Alhamisi ndiyo siku pekee mama anakubali kuliachia. Muuguzi huniletea, mimi nalitundika msumarini mpaka amalize kuoga.

Wiki iliyopita niliwaambia kwamba Alhamisi ile lilidondoka kutoka msumarini likaangukia mezani.

Halikudondoka.

Sikilizeni. Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, mama huketi kitandani na koti lake na kuniuliza, "We dada, mwenye koti hili yuko wapi?"

Namjibu, "Amefariki, mama. Mwaka wa sita huu."

Basi hapo anashika kichwa. Anapiga kelele. Analia kilio cha mtu aliyeletewa habari sasa hivi, maana kwake habari ni ya sasa hivi. Ananiuliza amekufaje, alisema nini, nani alimfumba macho. Ninajibu yote. Ninamshika mpaka machozi yakauke. Halafu anatulia, anaangalia dirishani, anasahau. Anaomba chai. Kikombe hakijaisha, anapapasa koti.

"We dada, mwenye koti hili yuko wapi?"

Najua mnachotaka kusema. Mdanganye basi, si mgonjwa? Nilimdanganya. Nilimwambia baba yuko kazini, treni itarudi jioni. Nikaingia kuoga. Kutoka, mama hayupo. Alipatikana kwenye makutano ya reli, amejipaka poda, anamsubiri mumewe. Dereva wa treni alipiga honi mpaka akapauka. Tangu siku ile nasema ukweli.

Nilichoka, ndugu zangu. Sina neno zuri zaidi. Nilichoka kumzika baba kila asubuhi kabla ya chai.

Alhamisi ile mama alikuwa ameuliza mara nne. Muuguzi akaniletea koti. Nikasimama mbele ya msumari wangu. Nikawaza: koti likiondoka, swali litaondoka nalo.

Nililigeuza, vifungo vikatoka nje. Nikalikunja vizuri. Nikalinusa, miaka sita na bado lina tumbaku. Nikalibusu kwenye kola. Nikaliweka mezani, nikaenda kuchemsha maji ya chai.

Chai ya nani? Hakuna aliyekuwa ameomba chai.

Nikiwa kule jikoni nikamsikia Mama Vibandiko amefika mezani. Huyu ndiye anayepanga bei. Ana desturi yake: kila nguo anapoibandika kibandiko, anamwombea aliyeivaa. Anaomba kwa sauti ndogo lakini inasikika.

"Bwana, mkumbuke mwenye koti hili, popote alipo."

Nikajifanya sufuria inanisumbua. Niliporudi, koti lilikuwa limeshauzwa.

Hiyo ndiyo bahati mbaya niliyowasimulia, ninyi na wenzangu wa dukani.

* * *

Ijumaa asubuhi mama hakuniuliza mwenye koti yuko wapi. Nilijua! Nikanywa chai yangu ikiwa bado ya moto, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Nikajisifu kimoyomoyo. Pumbavu mimi.

Mama hakuuliza kwa sababu hakusema chochote. Alifumba mdomo. Chai hakunywa. Mkate hakugusa. Mikono aliiweka magotini, viganja juu, mitupu.

Jumamosi hivyohivyo. Jumapili hivyohivyo. Jumatatu muuguzi akaniita pembeni.

"Dada, mama hajala siku nne. Maji yenyewe ninampa kwa kijiko, nusu anatema."

"Atakula tu. Ana ukaidi huyu, wewe humjui."

"Namjua mgonjwa mkaidi na namjua anayeondoka. Daktari anakuja Jumatano saa nane. Akimkuta hivi atamwandikia hospitali, na kule mtu anayetangatanga wanamfunga kitandani. Kiti chake hapa atapewa mwingine. Foleni ni ndefu, unajua."

"Nifanye nini, muuguzi?"

"Tafuta lile koti."

Siku hiyohiyo, baada ya sala ya asubuhi, Msimamizi wa duka alituzuia tusitawanyike. Ni mwanamke mfupi, hapandishi sauti, na ndiyo maana anaogopwa.

"Koti la mgonjwa wetu lilifikaje mezani?"

Mama Vibandiko akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi ndiye niliyelibandika, mama. Rangi ya vibandiko vya wiki ilikuwa kijani, nikaweka kijani juu ya kijani, sikulitazama vizuri."

"Nimeuliza lilifikaje." Msimamizi akanigeukia. "Wewe ulilitundika?"

"Nililitundika."

"Msumarini kwako?"

"Msumarini kwangu."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi asubuhi ile niliiona ndefu, pana, na imefagiliwa.

"Basi labda nililivuta na nguo nyingine," akasema Mama Vibandiko. "Macho yangu siku hizi yananidanganya."

"Kuanzia leo kaa mbali na meza mpaka tujue la kufanya," Msimamizi akamwambia. Hakusema kwa ubaya, lakini alisema.

Mama Vibandiko akavua aproni. Akaikunja mara mbili.

Lazima niwaambie huyu ni nani, mjue ukubwa wa dhambi yangu. Miaka saba iliyopita alikuja pale dukani na mfuko wa nguo za mwanawe wa pekee, aliyezikwa mwezi ule. Akaufikisha mlangoni, mkono ukakataa kuachia. Wakampa kiti na chai. Akaomba azibandike yeye mwenyewe, moja moja, huku akimwombea mwanawe. Zilipoisha akaendelea na za watu wengine. Hajaondoka mpaka leo. Mshahara hana, hajawahi kuutaka. Meza ile ndiyo inayomwamsha asubuhi.

Na ndiye aliyeniingiza pale. Alinikuta nje ya kanisa na mama yangu, nimekaa kwenye ngazi, nimeishiwa. Akasema, "Mdogo wangu, unajua kukunja shati?"

Jioni ya Jumatatu nikamkuta ananisubiri getini.

"Mdogo wangu, nisamehe. Najua maana ya nguo ya marehemu. Kati ya watu wote, mimi ndiye nilipaswa kujua."

Nilikuwa na nafasi. Njia tupu, tuko wawili tu, ukweli uko kwenye ncha ya ulimi.

"Yameshapita, dada," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Mmesikia? Nikamsamehe!

Jumanne hakuonekana dukani. Mchana akapita mara moja kunywa maji, vumbi mpaka magotini. Kumbe anazunguka kulitafuta koti, maana aliyepokea pesa hakumkumbuka mnunuzi. Stendi nzima kaimaliza, sokoni kaingia na kutoka, misikitini na makanisani kaulizia.

"Asubuhi nimemkimbilia mtu mwenye koti la kijani," akatuambia, "nikamkamata mkono. Kumbe ni zimamoto! Akaniuliza mama moto uko wapi."

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda stoo nikajifungia na magunia ya viatu visivyo na wenzake, nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

* * *

Jumatano ikafika. Saa nane daktari.

Saa sita na nusu mchana mlango wa ukumbini ulikuwa wazi, kitoroli cha chakula kinapita. Kutoka mezani kwangu namwona mama. Amekuwa mdogo ghafla, shingo imemezwa na kola. Muuguzi amepiga goti na bakuli la supu. "Kijiko kimoja tu, bibi. Kimoja cha kunifurahisha." Mama kafumba mdomo.

Ndipo akaingia Fundi Saa.

Huyu ni mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, ana kibanda cha kutengeneza saa mtaa wa pili. Huja kila mara kutazama rafu ya saa mbovu. Ananunua zilizokufa anazifufua. Anaongea kidogo, anapekua sana.

Alikuwa amevaa koti la baba.

Mkasi ulinidondoka. Kijani kibichi, shaba, na kule chini kifungo cheupe cha shati. Nikazunguka meza, nikajigonga kwenye boksi la vitabu, nikafungua mdomo niseme, "Mzee, tafadhali." Sikuwahi.

Mama alikuwa amesimama.

Mtu ambaye asubuhi tulimbeba wawili! Kasimama, kamsukuma muuguzi kando, anakuja mlangoni na soksi zake. Ukumbi mzima vijiko vimesimama.

"Umechelewa," akamwambia yule mzee.

Fundi Saa akatazama nyuma yake. Hakuna mtu. Akanitazama mimi.

"Nakuuliza. Treni ilikwama?"

Sijui yule mzee aliona nini usoni kwa mama yangu. Akavua kofia.

"Ilikwama, mama."

"Mama? Mama yako mimi?"

Wazee wakaangua kicheko, muuguzi naye akashindwa kujizuia. Fundi Saa akainamisha kichwa.

"Ilikwama njiani," akasema taratibu. "Unisamehe. Nilikuwa nakuja tu."

"Na umekula?"

"Bado."

"Kaa hapa. Watu hawa wanapika supu haina chumvi, lakini ni ya moto." Akamshika mkono wa koti akamkalisha kiti cha jirani. Akaketi. Akachukua kijiko mwenyewe. Kimoja yeye, kimoja kwa mgeni wake. Kimoja yeye, kimoja kwa mgeni.

Siku sita, ndugu zangu. Muuguzi aliegemea ukuta na kuziba mdomo kwa aproni. Mimi nililia waziwazi mbele ya wateja na sikuona haya. Kwa mara ya kwanza nikaamini nimeponyoka: koti limeonekana, mama anakula, daktari atamkuta na bakuli tupu, na hakuna mtu wa kuniuliza chochote. Nilimshukuru Mungu kabisa, kwa midomo hiihii.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mama Vibandiko. Anachechemea, viatu kavishika mkononi, miguu imevimba haiingii. Nyuma yake Msimamizi, amemkuta njiani akamshika mkono.

Akaliona koti.

"Bwana asifiwe!" Akavitupa viatu chini. "Bwana asifiwe, ni lenyewe! Kaka yangu, nimekutafuta siku mbili!"

Fundi Saa akashangaa. "Mimi? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, kaka. Kosa ni langu. Koti hilo ni la huyu bibi, la marehemu mumewe. Nililibandika kwa uzembe wangu. Nakuomba uturudishie, nitakutafutia lingine zuri kuliko hilo."

"Uzembe gani? Mbona mwenyewe alilitoa?"

"Mwenyewe nani?"

"Huyu binti." Akanionyesha kwa kijiko. "Alhamisi nilikuwa pale kwenye rafu ya saa. Nilimwona. Aliligeuza, akalikunja vizuri, akalinusa, akalibusu hapa kolani, ndipo akaliweka mezani. Nikasema moyoni, huyu kafiwa na mume, anatoa kwa uchungu. Na mimi nilifiwa. Ndiyo maana nililinunua, lisiangukie kwa mtu wa kulifanyia kazi za gereji."

Alisema kwa upole. Alidhani ananisifu.

Hakuna aliyecheka safari hii. Msimamizi hakusogea kutoka mlangoni. Muuguzi alishusha aproni kutoka mdomoni. Mama Vibandiko alinigeukia, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ningeomba uwe nayo.

"Si kweli, eti, mdogo wangu?" akaniuliza. "Huyu kaka kakufananisha."

Alikuwa ananisaidia. Amesimama juu ya miguu niliyoivimbisha mimi, na ananisogezea mlango nitokee.

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, kijiko kikagonga bakuli.

"Mwacheni mwanangu."

Mama ndiye aliyesema. Miaka miwili ya "we dada". Ananitazama mimi, macho yametulia, anajua kabisa anamtazama nani.

"Mwanangu huyu," akawaambia watu wote wa ukumbini, "nimemzaa mwenyewe na nimemlea mwenyewe. Ana makosa yake, lakini uongo hajui. Baba yake shahidi." Akampigapiga Fundi Saa mkono wa koti. Kisha akanigeukia, akatabasamu.

"Waambie, mwanangu."